Hezekia alishinda au alishindwa? Namna ya kuwasoma wafalme wa Biblia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la vijana kanisani kwetu Iringa. Tulipofika 2 Wafalme 18 na 19, kijana mmoja wa kidato cha sita alitoa simu akatusomea kwamba yapo maandishi ya Senakeribu mwenyewe, mfalme wa Ashuru, yanayosema alimfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, Yerusalemu kama ndege tunduni na kumtoza kodi. Biblia inasema malaika aliwapiga Waashuri 185,000 na Senakeribu akarudi kwao. Vijana wakaniuliza yupi mkweli, nikakosa la kujibu. Haya mawili yanapatanaje? Na mtu anayetaka kusoma habari za wafalme wa kale kwa mtazamo wa Biblia aanzie wapi, asije akadanganya wala akadanganywa?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kijana wako usimkemee, maana alichosoma kipo. Ni mche wa udongo wa kuchoma wenye pande sita, urefu wake kama sentimita 38, umejaa mwandiko wa kabari kutoka juu hadi chini. Uko kwenye Makumbusho ya Uingereza mjini London, nao huitwa Mche wa Taylor kwa jina la kanali Mwingereza aliyeupata Ninawi, mji mkuu wa Senakeribu, mwaka 1830. Nakala nyingine za habari hiyohiyo ziko Chicago na Yerusalemu. Kwa hiyo si uzushi wa mtandaoni. Shida ni kwamba kijana ameishia kwenye ndege, na wengi huishia hapohapo. Ushauri wangu ni kwamba uchukue yote mawili, Biblia na mche, uyasome hadi mwisho, na kila mara ujiulize mwandishi anasema nini na ananyamazia nini.

Tuanze na Senakeribu. Alishuka upande wa magharibi mwaka 701 KK kwa sababu wafalme wadogo wa pwani na wa milimani walikuwa wamegoma kulipa kodi baada ya baba yake, Sargoni, kuuawa vitani. Waandishi wake waliandika habari za safari hiyo karibu mara tu alipomaliza, wakazinakili tena na tena. Mche wa Taylor wenyewe ni wa mwaka 691 KK. Wanasimulia hivi. Luli, mfalme wa Sidoni, alikimbilia baharini. Sidka wa Ashkeloni alikamatwa akapelekwa Ashuru yeye na jamaa yake. Huko Ekroni wakuu walioongoza uasi waliuawa, na maiti zao zikatundikwa kwenye miti kuuzunguka mji. Jeshi la Misri na Kushi lilipigwa mahali paitwapo Elteke. Kisha ikaja zamu ya Yuda: miji 46 yenye maboma ikatwaliwa pamoja na vijiji visivyohesabika, na watu 200,150 wakatolewa humo kuwa nyara. Hezekia akafungiwa Yerusalemu kama ndege tunduni. Vituo vya askari vikawekwa kuuzunguka mji, na kila aliyetoka langoni akarudishwa ndani. Halafu kodi: talanta 30 za dhahabu, talanta 800 za fedha, vito, vitanda vya pembe za ndovu, binti za mfalme, waimbaji wake wa kiume na wa kike.

Habari za Yuda zinaishia hapo. Sasa mwambie kijana arudie kusoma, atafute sentensi inayosema "nikautwaa Yerusalemu". Hataiona. Mfalme huyu hana haya ya kujisifu. Akiteka kijiji cha watu kumi atakutajia. Angekuwa ameuvunja ukuta wa Yerusalemu, habari hizo zingechukua upande mzima wa mche.

Kuna mambo mawili mengine ambayo wasomaji wengi huyapita. La kwanza, Hezekia alibaki kwenye kiti chake. Wa Sidoni alikimbia, wa Ashkeloni alihamishwa, wa Ekroni walitundikwa, na Hezekia, aliyekuwa kinara wa maasi yale, akaendelea kutawala. Waashuri hawakuwa na kawaida hiyo ya upole. La pili, Senakeribu mwenyewe anaandika kwamba kodi ile ililetwa Ninawi baada yake. Kwa kawaida mfalme wa Ashuru hupokea kodi pale pale penye vita, mwasi akiwa amelala kifudifudi mbele ya miguu yake. Huyu aliondoka kwanza, mali ikamfuata nyuma. Kitu fulani kilimfanya aondoke, na waandishi wake hawasemi ni kitu gani.

Sasa fungua Biblia, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu sisi watu wa kanisa huwa tunairukia sura ya 19 tukafika kwa malaika kabla hatujasikia maumivu ya sura ya 18. Mstari wa 13 unasema waziwazi kwamba Senakeribu aliijia miji yote ya Yuda yenye maboma akaitwaa. Miji yote! Mstari wa 14, Hezekia anatuma ujumbe Lakishi akikiri kwamba amekosa, na kwamba atabeba lolote atakalotwikwa. Anatwikwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Mstari wa 16, anabandua dhahabu ya milango ya hekalu, ile aliyoitia yeye mwenyewe, ili apate kulipa. Kwa hiyo ukimuuliza mwandishi wa Wafalme kama Yuda ilipigwa, atakujibu kwamba ilipigwa vibaya. Kama Hezekia alilipa? Alilipa, tena kwa mali ya nyumba ya Bwana. Dhahabu inalingana katika Biblia na katika mche: talanta 30. Fedha hailingani: 300 kwa 800. Wapo waliojaribu kuzipatanisha kwa kusema mizani zilikuwa tofauti, au kwamba Ashuru ilijumlisha mali nyingine humo. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mwandishi wa ikulu ya Ninawi aliongeza chumvi. Mimi sioni haja ya kulazimisha.

Ukitaka jambo la kuwafikirisha vijana, waambie wafungue Isaya 36, ambako habari hii inarudiwa karibu neno kwa neno, halafu 2 Nyakati 32. Mistari ile ya kukiri na kulipa haimo. Isaya 36 inatoka kwenye kutekwa kwa miji inaingia moja kwa moja kwenye hotuba ya amiri wa Senakeribu mbele ya Yerusalemu, na Nyakati haitaji kodi hata kidogo. Hivyo ndani ya Biblia yenyewe tunao waandishi watatu walioamua kila mmoja aseme nini na aache nini. Wafalme ndicho kilichobakiza aibu, na ni aibu ileile anayoisimulia adui. Wanahistoria wa imani yoyote huliamini zaidi neno ambalo msemaji hana faida ya kulisema. Kwa kipimo hicho, Hezekia kulipa kodi ni jambo thabiti, kwa kuwa upande wake umekiri. Na Yerusalemu kutotwaliwa ni jambo thabiti, kwa kuwa upande wa Senakeribu umeshindwa kudai kinyume.

Nenda sasa Lakishi. Biblia inautaja mji huo kama kwa kupita tu: Senakeribu alikuwako Lakishi, wajumbe walitoka Lakishi. Lakini huko Ninawi, Austen Henry Layard alipokuwa akifukua ikulu ya Senakeribu katika miaka ya 1840, alikuta chumba kizima ambacho kuta zake zimechongwa vita vya Lakishi. Mawe hayo leo yako London, na picha zake zimo kwenye tovuti ya makumbusho, unaweza kuwaonyesha vijana kwa simu. Waambie watazame kwa karibu. Mitambo ya kubomolea ukuta inapanda juu ya tuta, watu wa mjini wanairushia mienge ya moto, na ndani ya mtambo mmoja askari ameshika upawa mrefu anamwagia maji mbele yake usishike moto. Upande wa kulia familia zinatoka mjini: gari la ng'ombe limepakiwa vifurushi, watoto wamekaa juu yake, wanawake wamejifunika shuka kichwani hadi miguuni. Wanaume wawili wamelazwa chini wanachunwa ngozi. Mwisho wa safu ameketi Senakeribu kwenye kiti cha enzi, na maandishi kando ya kichwa chake yanasema kwamba mfalme wa ulimwengu, mfalme wa Ashuru, aliketi na nyara za Lakishi zikapita mbele yake. Uso wake umeharibiwa, na haukuharibiwa na mvua.

Mahali penyewe, kusini-magharibi ya Yerusalemu, tuta lile lipo mpaka leo. David Ussishkin na wenzake walilichimba kuanzia miaka ya 1970, wakakuta mawe ya kombeo na vichwa vya mishale kwa mamia, na upande wa ndani wa ukuta tuta jingine ambalo wenyeji walilijaza haraka kujizuia. Kwa hiyo kwa mji huu mmoja tunacho kitabu, tunayo picha ya mshindi, na tunayo ardhi yenyewe. Ni mara chache sana katika historia ya kale vitatu hivyo vikutane.

Na hapa jiulize: mfalme aliyekuja kumwadhibu Hezekia, kwa nini akapamba ikulu yake kwa Lakishi, mji wa pili, asipambe kwa Yerusalemu, mji mkuu? Kwa sababu Lakishi ndio alioupata. Soma pia 2 Wafalme 19:32, ambapo Isaya anasema mfalme wa Ashuru hatapiga mshale Yerusalemu wala hatafanya boma juu yake. Mshale na boma ni vitu vilevile vinavyofukuliwa Lakishi. Aliyesikia maneno yale siku zile alijua hasa Isaya anazungumzia nini.

Lakini usiwaache vijana wadhani kwamba habari hii ilikuwa sherehe tupu. Kwa watu wa Yerusalemu ulikuwa wokovu. Kwa watu wa Lakishi na vijiji vya mabondeni ilikuwa mwisho wa dunia. Nabii Mika alitoka Moreshethi, mji mdogo wa huko mabondeni, na sura yake ya kwanza inalia mji baada ya mji, Lakishi ikiwemo. Isaya naye anafungua kitabu chake na nchi iliyoteketea, Sayuni imebaki peke yake kama kibanda katika shamba la mizabibu. Weka kibanda hicho karibu na ndege wa Senakeribu. Nabii na mfalme adui wanaelezea kitu kimoja: mji mmoja umebaki, na kila kilichouzunguka kimekwisha. Nikiambiwa nichague mistari miwili tu ya kusomesha vita hii, nitachagua Isaya 1:7-8 niiweke karibu na maneno ya mche, kabla hata ya kufika kwa malaika.

Tumefika kwa malaika. Vijana watauliza, na wana haki. Akiolojia haina kifaa cha kumpima malaika, na mtu akikuambia makaburi ya wale 185,000 yamepatikana anakudanganya. Herodoto, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, aliambiwa na Wamisri kwamba panya waliliingia jeshi la Senakeribu usiku wakatafuna podo, nyuzi za pinde na mikanda ya ngao, asubuhi askari hawana silaha. Wahubiri wengine wanashika panya hao wanasema, basi ilikuwa tauni. Herodoto hasemi tauni, na yeye anapaweka mpakani mwa Misri, si Yerusalemu. Faida ya habari yake ni ndogo ila ipo: kulikuwa na kumbukumbu, hata nje ya Yuda, kwamba jeshi la Senakeribu liliharibikiwa usiku mmoja bila vita. Hesabu yenyewe ya 185,000, sawa na ile ya 200,150 ya upande wa pili, wanazuoni wanaijadili sana, hata waamini. Mimi naamini Mungu aliuokoa mji. Hiyo ni imani yangu, nami siwezi kuichimba ardhini nikamwonyesha mtu. Ninachoweza kumwonyesha ni shimo lililopo katika maelezo ya Ashuru, mahali ambapo ushindi ulipaswa kuwa.

Kuna jambo jingine la kusoma kwa penseli mkononi. Sura ya 20 inasimulia ugonjwa wa Hezekia na wageni kutoka Babeli. Hezekia anawaonyesha hazina zake zote, fedha, dhahabu, manukato, hakubakiza kitu. Fedha ipi? Si alikwisha kuitoa yote katika sura ya 18 mpaka akabandua milango? Tena katika 20:6 anaahidiwa kwamba mji utaokolewa na mkono wa mfalme wa Ashuru, ahadi ya jambo ambalo bado. Na mfalme aliyetuma wageni hao, Merodak-baladani, alitawala Babeli kuanzia 721 hadi 710 KK, akarudi kwa miezi michache mwaka 703, kisha akafurushwa. Mwaka 701 hakuwa na kiti. Basi sura ya 20 ilitokea kabla ya sura ya 18. Mwandishi ameiweka mwisho kwa makusudi, maana inamalizia na Babeli, na Babeli ndiyo itakayokuja kuibomoa Yerusalemu mwishoni mwa kitabu. Anayedhani vitabu vya Biblia hufuata tarehe tu, kama kalenda ya ukutani, atakwama hapa na asijue kwa nini amekwama.

Kwenye tarehe hizo kuna fundo lisilofunguka kirahisi, na kijana wako atakutana nalo akiendelea na simu yake. 18:10 inasema Samaria ilianguka mwaka wa 6 wa Hezekia. Hiyo ni karibu mwaka 722 KK, kwa hiyo Hezekia alianza karibu 728. 18:13 inasema Senakeribu alikuja mwaka wa 14. Ikiwa ni 701, Hezekia alianza 715. Tofauti ni miaka 13. Wengine wanasema alitawala kwanza pamoja na baba yake Ahazi, kisha peke yake. Wengine wanasema mnakili aliandika 14 badala ya 24. Wengine wanasema huo mwaka wa 14 ni wa ugonjwa: Hezekia alitawala miaka 29, baada ya kuugua akaongezewa 15, toa unapata 14. Mimi naegemea hilo la tatu, kwa kuwa linauweka ugonjwa wakati Merodak-baladani bado yuko Babeli. Lakini sitagombana na mtu.

Ataniuliza, na huo mwaka 701 mnaujuaje? Waashuri waliupa kila mwaka jina la ofisa mmoja, wakahifadhi orodha ya majina hayo. Chini ya mwaka wa ofisa wa Guzana aitwaye Bur-Sagale wameandika kwamba jua lilipatwa. Wanaastronomia wamepiga hesabu: ni tarehe 15 Juni 763 KK. Ukishapata mwaka mmoja, mingine yote unaihesabu kwa vidole. Tarehe nyingi za wafalme wa Israeli na Yuda unazoziona kwenye kamusi za Biblia zimening'inia kwenye kupatwa huko kwa jua.

Tirhaka naye asikusumbue. 2 Wafalme 19:9 inamwita mfalme wa Kushi, nchi iliyo kusini ya Misri katika Sudani ya leo. Huyu ni Taharka wa nasaba ya 25, Mwafrika aliyetawala Misri yote, ila kiti alikipata mwaka 690 KK, kama miaka 11 baada ya vita. Watu hushangilia hapa kwamba Biblia imekosea. Sisi tunaposema Rais Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, hakuna anayedhani alizaliwa akiwa rais. Mwandishi wa Wafalme aliandika baadaye, akamwita mtu kwa cheo ambacho wasomaji wake wanamjua nacho. Ni vivyo hivyo na kifo cha Senakeribu: 19:36-37 inasema alirudi, akakaa Ninawi, akauawa na wanawe alipokuwa akiabudu. Ukisoma kwa pumzi moja utadhani ni wiki ileile. Aliuawa mwaka 681 KK, miaka 20 baadaye. Kumbukumbu za Babeli zinasema aliuawa na mwanawe katika maasi, na barua moja ya Kiashuri inamtaja aliyepanga njama, Arda-Mulissu, ambaye kwa masikio ya Kiebrania akawa Adrameleki.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya swali lako, mtazamo wa Biblia ni upi hasa. Wengi wanadhani ni kukusanya vitu vilivyofukuliwa ili kumnyamazisha asiyeamini. Chukua Omri. Kitabu cha 1 Wafalme kinampa nafasi kidogo sana katika sura ya 16: alinunua kilima, akajenga Samaria, akafanya maovu kuliko waliomtangulia, akafa. Lakini nje ya Biblia Omri ni mtu mkubwa. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhibani mwaka 1868 na sasa liko Paris, linasema Omri aliitesa Moabu siku nyingi. Waashuri waliendelea kuiita Israeli nchi ya nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kung'olewa. Yehu, aliyeung'oa ukoo huo, wanamwita mwana wa Omri kwenye nguzo yao nyeusi. Ahabu, mwana wa Omri, kwa hesabu ya Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, alipeleka magari ya vita 2,000 na askari 10,000 Karkari mwaka 853 KK, na Biblia haina hata neno moja kuhusu vita hiyo. Inatumia kurasa zake kwa shamba la mizabibu la Nabothi. Huo ndio mtazamo wa Biblia. Mfalme aliyekusanya magari 2,000 anaulizwa habari za jirani aliyemnyang'anya shamba. Historia ya ikulu haiulizi hivyo, na usipozisoma zote mbili huwezi kuona jinsi swali lile lilivyokuwa la ajabu kwa zama zake.

Kwa hiyo vitu vilivyofukuliwa vina kazi yake, lakini kila kimoja ukiulize kinaweza kujibu nini. Mfereji wa Hezekia, mita 533 ndani ya mwamba kutoka chemchemi ya Gihoni, unatembeleka hadi leo. Maandishi yaliyokutwa ndani yake mwaka 1880, sasa yako Istanbul, yanasimulia jinsi vikundi viwili vya wachimbaji vilivyochimba kutoka pande mbili, vikasikia sauti ya mwenzao ng'ambo ya mwamba, vikakutana sururu kwa sururu. Jina la mfalme halimo. Tunasema ni wa Hezekia kwa sababu ya 2 Wafalme 20:20, kwa umbo la herufi, na kwa vipimo vya maabara vilivyotangazwa mwaka 2003. Inatosha, ila sema hivyo, usiseme "jina lake limechongwa humo". Ukuta mnene wa mita 7 uliochimbwa Yerusalemu miaka ya 1970 umepita juu ya misingi ya nyumba za watu. Fungua Isaya 22:10 uone nabii akilalamikia nyumba zilizobomolewa ili kuuimarisha ukuta. Mwaka 2015 mwanaakiolojia Eilat Mazar alitangaza kidonge cha udongo chenye mhuri, upana kama sentimita moja, kilichoandikwa jina la Hezekia mwana wa Ahazi mfalme wa Yuda. Hicho kina thamani kwa sababu kilitoka kwenye machimbo yenye kumbukumbu. Kinachotoka mkononi mwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, hata kikiwa kizuri namna gani, kitilie shaka kwanza.

Na picha zinazozunguka kwenye makundi ya simu, magurudumu ya Farao chini ya Bahari ya Shamu na mifupa ya majitu, zifute. Zinawaumiza vijana wetu kuliko Mche wa Taylor, kwa sababu siku wakigundua ni uongo watadhani na Hezekia ni uongo. Waambie ukweli pia kwamba Daudi ametajwa kwenye jiwe la Tel Dan lililopatikana mwaka 1993, panaposomeka nyumba ya Daudi, ila Sulemani hadi sasa hana andiko la zama zake nje ya Biblia. Kutotajwa si kutokuwepo. Mpaka mwaka 1996 hatukuwa na andiko kutoka Ekroni kwenyewe lenye jina la mfalme wake Padi, yule ambaye Senakeribu anasema Hezekia alimfunga Yerusalemu.

Jumapili ijayo, acha somo jipya. Wagawe vijana mafungu mawili, moja lisome 2 Wafalme 18 hadi 20, jingine lisome fungu la mche linalohusu Yuda, kisha kila upande uandike ubaoni kile ambacho upande wa pili umekinyamazia. Yule wa kidato cha sita mpe mche. Wakimaliza, wape kazi ya nyumbani juu ya Manase, mwana wa Hezekia. Esar-hadoni, aliyerithi kiti cha Senakeribu, anamtaja Manase mfalme wa Yuda kati ya wafalme 22 walioamriwa kusafirisha mbao na mawe kujenga ikulu Ninawi. Baba aliasi, mtoto akabeba mbao. Wafalme kinamhesabu Manase kuwa mbaya kupita wote, na bado ndiye aliyetawala muda mrefu kuliko wote, miaka 55. Waulize kwa nini Wafalme hakitaji mbao hizo, na kwa nini 2 Nyakati 33 ndiyo peke yake inayosema alipelekwa Babeli kwa minyororo kisha akatubu. Watakachokwama nacho, niandikie.